Sikio Kwenye Feni

Mchagua jembe si mkulima, wanasema.
Haya, mimi si mkulima.
Nimesimama dukani kwa Vazha tangu saa nne,
Tbilisi, theluji imegeuka tope mlangoni,
na nimeinamia kompyuta ya sita
kama mkunga anayesikiliza tumbo.

"Unasikiliza nini?"
Feni.
"Wenzako huuliza prosesa. Huuliza kioo."
Ipe kazi, Vazha. Ichokoze.

Anaichokoza. Inanong'ona,
inakoroma,
kisha inapiga mluzi wa birika lililosahaulika jikoni.
Hapana. Ondoa.

Hajui Eteri anavyopiga panduri:
nyuzi tatu tu, mti wa mforosadi,
kidole kinagusa, kinangoja,
na huko kungoja ni nusu ya wimbo.
Maikrofoni haina adabu, inazoa kila kitu:
lifti, mbwa wa ghorofa ya pili,
tumbo la Eteri ambalo halikula mchana,
na feni.
Nyimbo kumi na moja tumerekodi chumbani kwangu
na zote kumi na moja zina upepo wa plastiki ndani yake.

"Basi chukua hii. Haina feni kabisa."
Bapa kama sahani. Nzuri, naikubali, nzuri.
Lakini ya namna hii niliazimwa na Gocha mwezi wa kumi,
ghala la chini ya daraja, watu mia mbili,
jasho likidondoka kutoka darini.
Dakika ya arobaini ikapandwa na homa,
sauti ikakatika vipandevipande,
mtu anatafuna glasi,
kioo kikawa cheusi.
Eteri hakusimama. Nyuzi tatu, bila spika,
na watu wakashika mdundo kwa visigino
dakika tatu nzima huku mimi nikibonyeza, nikiomba, nikibonyeza.
Baadaye kijana mmoja akanishika mkono:
"Pale ulipozima kila kitu! Ule ndio ustadi."
Sikumsahihisha.

Na bado kuna ngojangoja, ile inayoumiza matumbo.
Unabonyeza sasa, sauti inakuja baadaye kidogo,
milisekunde thelathini, si kitu, wanasema,
lakini kidole kinajua.
Ni kama kumpigia kaka yangu Malkhazi kule Winnipeg:
tunaanza kusema pamoja,
tunanyamaza pamoja,
"sema wewe," "hapana, wewe,"
na habari ya mama inabaki katikati, haina wa kuisema.

Nina lari elfu mbili na mia nne.
Vazha anakuna kidevu, anaingia stoo,
anarudi amekumbatia kitu kama tofali la kanisa.
Ilikuwa ya msanifu majengo. Pembe imebonyea.
Herufi moja ya kibodi imelika, haisomeki tena.
Feni mbili, pana, za polepole, zina subira ya ng'ombe.
Kumbukumbu inaongezeka, anasema, nafasi ipo,
na chenji itatosha kadi ya sauti, ile ya chuma, si ile ya plastiki.
Naweka sikio.
Naisikia damu yangu mwenyewe.

"Ni nzito. Utaweza kuibeba jukwaani?"
Nilibeba kodiani miaka tisa, Vazha.
Sikumwambia kwamba hizo lari ndiyo kodiani.

Usiku tunaiwasha juu ya meza ya chakula.
Nashusha bafa hadi sitini na nne, nagusa kitufe kimoja,
na sauti iko pale pale kilipo kidole,
hata sikuwahi kuisubiri.
Eteri anainua mkono. Kimya.
Macho kayafumba.
"Kuna kitu kinanguruma."

Tunainama kwenye kompyuta, yeye upande huu, mimi ule.
Si yenyewe.
Tunatambaa, tukifuata ukuta kwa masikio,
mpaka jikoni.

Nikachomoa jokofu.
Maziwa tumeyaweka dirishani, kwenye theluji.
Rekodi.